Siku ya tatu, nani anampa nani jembe?

Test zimepungua, kwa hiyo leo tuongee methali. Sio zote, moja tu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kwetu Kiranjeranje haya hayakuwa maneno matupu. Waliopita barabara ya Dar kwenda Lindi kabla ya lami wanajua. Kwanza unasubiri kivuko cha Rufiji, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003 tu. Halafu masika yakikolea basi linanasa kwenye tope, abiria mnalala hapohapo liliponasia. Mtu wa hivyo huwezi kumwacha na njaa. Lakini na yeye, akiona wenyeji wanaamka alfajiri kwenda shamba, atakaa barazani mpaka lini?

Ndio utamu wa methali yenyewe: ni makubaliano ya watu wanaotazamana usoni. Mwenyeji ametoa chakula kwanza, ndipo ana haki ya kutoa jembe. Hata siku zenyewe sio sheria. Lile shairi la zamani la watu wa pwani linalohesabu siku za mgeni linaleta jembe siku ya nne, na ya kumi anatolewa kwa mateke (mnaobebwa hosteli, mmesikia?).

Sasa geuzeni. Kuanzia 1902 serikali ya Wajerumani ilileta mashamba ya pamoja ya pamba, yakaenea mpaka Kilwa. Watu wanaitwa kwa zamu, siku 28 kwa mwaka kwa hesabu ya karatasi, chini ya maakida na majumbe, kiboko juu. Yaani hapa mgeni ndiye anampa mwenyeji jembe! Hajamlisha, hajamuuliza, na pamba yenyewe hailiwi.

Umatumbi, upande wa kaskazini wa wilaya yetu, ndiko uamuzi ulikofanyika. Watu walikuwa wameshakwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kuchukua maji, na agizo lilikuwa wasubiri. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini ngoja ngoja nayo yaumiza matumbo. Mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, wakang'oa mashina ya pamba. Machache tu, sio shamba zima, kumjulisha akida kwamba vita imeanza. (Mengi ya haya tunayajua kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa hapa Mlimani walikwenda vijijini kuhoji wazee. Wanafunzi kama sisi jamani!) Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Waliokufa kusini nzima, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma vyakula, wapo wanahistoria wanaowafikisha 300,000.

Halafu ikaja serikali yetu wenyewe. Mwaka 1962, katika andiko lake la Ujamaa, Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiihii, akaongeza kwamba mara nyingi mgeni aliliomba jembe mwenyewe kwa kuona aibu kukaa bure. Safi kabisa, hapo niko naye. Mwaka 1969 akatupa nyingine tunayoipenda sana kwenye semina: kupanga ni kuchagua. Ila Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Nampenda sana Mwalimu, lakini hapo ananishinda. Ukishahamishwa wewe ni mgeni kwenye kijiji kipya, mikorosho yako umeiacha nyuma, na jembe unapewa siku ya kwanza. Sasa hapo nani kapanga, na nani kachagua?

Siwaweki kwenye kapu moja na Wajerumani, msinipige mawe. Vijijini kuliahidiwa shule, zahanati na maji, na kuna waliovipata. Wengine humu tusingefika chuo bila zile shule. Ila methali ilikuwa na sehemu mbili, na nakala za amri zilibeba moja.

Wenye babu na bibi waliohama miaka ile, mkienda likizo waulizeni: siku ile mlipofika, nani aliwapikia?