Nyumba Isiyomalizika: Desturi ya Matengenezo katika Miji ya Mawe ya Pwani

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani husifiwa kwa ukale wake, lakini sehemu kubwa ya kinachosifiwa ni matengenezo. Ukumbi wa kaskazini ni wa karne ya 11 au ya 12. Upande mkubwa wa kusini uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, anayehesabiwa pia kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa. Paa la nyongeza hiyo liliporomoka, na Tarikhi ya Kilwa inasimulia kwamba msikiti ulikaa gofu mpaka ulipoinuliwa tena katika karne ya 15. Miji ya mawe ya pwani yetu yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ina historia ya namna hiyo: tunaisoma kwa majina ya waliojenga, na hali iliyotufikia imepita mikononi mwa waliotengeneza. Hoja yangu ni kwamba nyumba ya mawe ya Waswahili haikukusudiwa kumalizika. Ilimtaka mkaaji wake aiguse kila mwaka, tena ilimrahisishia kuigusa. Uchakavu tunaouona leo katika Mji Mkongwe wa Unguja unatokana zaidi na kukatika kwa desturi hiyo kuliko umri wa kuta, na kukatika huko kuna sababu zinazoweza kutajwa moja moja.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya ukuta wenyewe. Ukuta wa kawaida una unene wa nusu mita hivi: mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa, yakatomewa kwa vijiwe vidogo, kisha yakapigwa lipu ya chokaa. Chini hauna kitu cha kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini yakiwa yamebeba chumvi, yakatokea nje kupitia lipu, ambayo ni laini na ina vitundu vingi visivyoonekana. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kuila lipu taratibu, nayo hupukutika sehemu za chini. Mgeni huona ubovu hapo. Fundi mwashi wa zamani alijua kwamba lipu imewekwa iliwe yenyewe ili jiwe lisalimike. Aliibandua, akauacha ukuta ukauke wakati wa kaskazi, akapiga nyingine. Mantiki hiyohiyo ilitawala juu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, takriban mita 3 na mara nyingi pungufu ya hapo. Kila boriti ni mti mmoja unaohesabika. Ikiingiwa na mchwa au ikioza kichwa pale inapoingia ukutani, huonekana kwa macho na hutafutiwa mbadala bila kungoja nyumba nzima ihamwe. Juu ya boriti hulala mawe na zege la chokaa lililopondwa kwa vijiti mpaka likakaza. Ufa wa sakafu ya juu ukizibwa kabla ya masika hugharimu chokaa kidogo na asubuhi moja ya kazi. Ukiachwa, mvua za miaka michache hutosha kuozesha vichwa vya boriti za upande mzima. Ndiyo maana kazi hii ilifuata majira, na ndiyo maana kupaka chokaa upya kabla ya Ramadhani au Maulidi kulikuwa na faida zaidi ya pambo: kila mkono wa chokaa uliziba nyufa ndogo ambazo bado hazijaonekana.

Lamu inaonyesha kwamba matengenezo na maongezo yalikuwa jambo moja. Katika familia zenye uwezo, nyumba ilihusishwa na ndoa ya binti: binti alipoolewa aliandaliwa makazi kwao, na mara nyingi makazi hayo yalipatikana kwa kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya wazazi au kwa kujenga wikio, chumba kinachovuka njia na kuunganisha nyumba mbili za ndugu. Mtu anayetazama juu katika vichochoro vya Lamu anasoma hapo nasaba iliyoandikwa kwa mawe. Sasa, jengo linaloongezwa kila kizazi haliwezi kuachwa bila kukaguliwa, maana hakuna atakayethubutu kupandisha ghorofa juu ya kuta asizozijua. Unguja palikuwa na nguzo nyingine, nayo ni wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti au kizazi cha mwenye mali, na kwa kawaida ya fikihi pato la wakfu hutangulizwa kwenye kuuhifadhi wenyewe kabla ya kugawiwa wanufaika. Huo ulikuwa mfuko wa matengenezo uliokuwepo kabla ya idara yoyote ya mambo ya kale.

Pingamizi zito kuliko yote ni la utumwa. Ni nani waliovunja mawe, wakachoma chokaa, wakaponda sakafu kwa siku kadhaa mfululizo? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, wengi wao walikuwa watumwa, na kuisifu desturi bila kulitamka hilo ni kuwadhulumu mara ya pili. Lakini swali la historia ni kama desturi yenyewe ilisimama juu ya utumwa peke yake. Utumwa uliondolewa uhalali wake Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kama matengenezo yangekuwa kazi ya shuruti tu, Mji Mkongwe ungeanza kubomoka katika miaka ya 1910. Haukubomoka. Ulisimama nusu karne nyingine, ukitengenezwa na waashi wa kulipwa, wenye nyumba wa asili mbalimbali na wasimamizi wa wakfu. Ni kweli kwamba Lamu koo kadhaa zilizopoteza mashamba ya bara zilishindwa kuendelea, na nyumba zao zikawa magofu. Hata huko, kilichokoma kwanza ni kujenga majumba mapya ya zidaka na nakshi, kazi iliyohitaji watu wengi kwa muda mrefu. Kuziba ufa na kupiga lipu upya ni kazi ya watu wawili, na hiyo iliendelea.

Kilichoivunja desturi kilikuja na mwiko uleule. Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, na kwa miongo mingi kwetu ilibaki bidhaa ya meli. Mambo yalibadilika kiwanda cha Bamburi kilipoanza kuzalisha mwaka 1954, kikafuatiwa na kile cha Wazo Hill mwaka 1966. Tangu hapo saruji ilianza kupatikana madukani, ikikauka kwa siku moja, wakati chokaa nzuri hutaka kuzimwa na kulazwa shimoni kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Mwenye nyumba aliyeona lipu yake inapukutika alifanya jambo lililoonekana la busara: akapiga saruji. Ukuta ukapendeza mwaka wa kwanza, pengine na wa pili. Lakini unyevu uliozibiwa njia haukuacha kupanda. Ulipanda juu zaidi kuliko zamani, ukafika kwenye vichwa vya boriti, na chumvi iliyokuwa ikiila lipu ikaanza kula udongo na matumbawe nyuma ya gamba gumu. Gamba hilo likibanduka hutoka na mawe. Ubaya wake mkubwa ni kuficha: chokaa humwonyesha mkaaji ugonjwa ukiwa mdogo, saruji humwonyesha siku ukuta unapofura.

Wapo watakaosema kwamba saruji inasingiziwa, na kwamba kilichoiangusha Unguja ni siasa na umaskini. Wana sehemu ya haki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na majumba yaliyojengwa kwa familia moja yakagawiwa familia kadhaa, na kwa wengi wao hayo yalikuwa makazi bora kuliko waliyoyapata kabla. Haki hiyo siibezi. Tatizo lilikuwa katika mgawanyo wake. Kila familia ilikuwa na chumba chake na hakuna iliyokuwa na paa. Kodi ndogo haikutosha kulitengeneza, na mpangaji hakuwa na sababu ya kupanda juu kuziba ufa wa nyumba ambayo kesho angeweza kuhamishwa. Jiko na choo vikaongezwa ghorofani kwa kila kaya, mabomba yakapitishwa ndani ya kuta zisizostahimili maji, na uvujaji wa miaka ukafanya kilichobaki. Hapo ndipo siasa na saruji zinapokutana: mtu asiyemiliki matengenezo hufunika, na saruji ndiyo kifuniko kilicho karibu.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Kutokana na hayo umekuja msimamo kwamba nyumba za kale ni kazi ya wataalamu, na mkaaji mwenye ndoo na mwiko ni hatari. Kwa mambo makubwa nakubali: kubeba ghorofa, kubadili ngazi, kutia nguzo. Lakini Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 wakati ukarabati mkubwa ukiendelea, na watu wakapoteza maisha. Sidai kwamba mkaaji angeokoa jumba la ukubwa huo. Nasema kwamba mradi mkubwa huja baada ya miongo ya kutoguswa, na miongo hiyo ndiyo inayoua. Kanuni za uhifadhi zinapaswa kutenganisha waziwazi kazi inayohitaji kibali na ile ambayo mkaaji angehimizwa kuifanya kila kaskazi: kuzoa majani kwenye makopo ya maji, kuziba nyufa kwa chokaa, kubandua saruji sehemu za chini na kuuacha ukuta upumue.

Linabaki swali la vifaa, na hapa wanaoitetea desturi hawana budi kuwa wakweli. Chokaa ya jadi ni matumbawe yaliyochomwa kwa lundo kubwa la kuni, na boriti ni mikoko iliyokatwa. Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi mwaka 1982 kwa sababu misitu ilikuwa inaisha. Hata hivyo, kutengeneza hula kidogo sana kuliko kujenga. Nyumba inayozibwa kila mwaka huhitaji magunia machache ya chokaa na boriti moja moja, na chokaa hiyo inaweza kuchomwa kutoka mawe ya nchi kavu bila kugusa miamba hai ya baharini. Kinachokosekana ni mahali pa kuinunua ikiwa imekwisha kuzimwa na kuiva, kwa kipimo cha ndoo, katika mtaa uleule ambao saruji inauzwa.