Kitunza Nywila kwenye Mstari wa Amri

Kitunza nywila ni programu inayohifadhi nywila za mtumiaji kwa maandishi fiche na kuzifungua kwa nywila kuu moja. Wapo wanaoiita kidhibiti cha manenosiri. Nywila na nenosiri ni kitu kimoja, lakini kudhibiti kuna maana ya kuzuia, ilhali kazi ya programu hii ni kuweka siri na kuitoa inapohitajika. Kwa hiyo neno kitunza linafaa zaidi.

Kivinjari huona kisanduku cha nywila na kukijaza chenyewe. Kwenye mstari wa amri, ambako maagizo huandikwa badala ya kubofywa, hakuna kisanduku, na wengi huishia kuiandika nywila ndani ya amri. Ikiandikwa hivyo hubaki kwenye historia ya amri, ambayo Bash, programu inayopokea amri hizo, huihifadhi katika faili la `.bash_history`. Isitoshe, amri inapoendelea kutekelezwa, kwa kawaida kila mwenye akaunti kwenye mashine hiyo ya Linux anaweza kuisoma kwa amri ya `ps`, inayoorodhesha programu zinazotekelezwa.

Programu ya pass, iliyoandikwa na Jason Donenfeld, ni mfano mzuri kwa kuwa utendaji wake uko wazi. Kila nywila ni faili moja lililogeuzwa maandishi fiche kwa programu ya GPG ndani ya folda ya `.password-store`. Amri ya `pass -c kazi/seva` hunakili nywila ili ibandikwe inapoulizwa, na baada ya sekunde 45 nakala hiyo hufutwa. Dosari yake ni kwamba majina ya mafaili hayafichwi: mwizi wa folda hatazipata nywila, ila atajua mwenye folda ana akaunti kwenye benki gani.

Kujaza bila mtu kubandika kunategemea programu inayopokea. `sudo -S` hukubali kuletewa nywila na amri nyingine kupitia alama ya `|`. `ssh` hukataa, kwani huisoma moja kwa moja kutoka kwenye terminali. Kwa `ssh` hutumika kigeu cha `SSH_ASKPASS`, ingawa jozi ya funguo ni bora zaidi. Git ina programu zake saidizi za kazi hiyo. Mtego uko kwenye `$(pass kazi/seva)` inayopachikwa ndani ya amri: historia hubaki safi, lakini Bash huweka nywila halisi mahali pake kabla ya kuita programu, na `ps` huionyesha kama kawaida.