Ubabe haumfunzi mbwa: kwa nini kipigo ni hatari katika boma za Garissa na Kaskazini Mashariki

Wafugaji wengi wa mbwa wa ulinzi wanaamini kwamba mbwa hushindana na mwenyewe kutafuta ukubwa, na kwamba asipoonyeshwa mapema nani bwana, atamtawala aliyemfuga. Imani hii ndiyo inayozaa mbinu tunazozijua: kumcharaza fimbo, kumbwaga chini na kumkandamiza mpaka anyamaze, kumkaza shingo kwa mnyororo, kumkodolea macho hadi ainamishe kichwa. Wengine huziita mbinu hizi nidhamu. Wataalamu wa tabia za wanyama huziita mafunzo ya ubabe, na kwa zaidi ya miaka 20 wamekuwa wakizipinga.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na kwa sisi wa Lamu na Tana River tunaopakana na Garissa. Katika nyika ambako hospitali iko mbali, mbwa aliyefunzwa kwa hofu anaweza kumgharimu mtoto uhai wake. Makala haya yanaeleza imani hiyo ilikotoka, kosa lake liko wapi, na njia gani inafaa badala yake.

Kazi ya mbwa katika nyika

Uchumi wa Kaskazini Mashariki unategemea mifugo: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Adui wa mifugo ni fisi, chui, duma na simba. Mbwa anayelala karibu na boma na kubweka usiku humwamsha mchungaji kabla fisi hajavunja uzio wa miiba.

Faida hiyo imepimwa. Utafiti uliofanyika Laikipia na Samburu, uliochapishwa mwaka wa 2007, ulionyesha kwamba mchana makundi ya mifugo yaliyoandamana na wachungaji pamoja na mbwa yalishambuliwa kwa nadra zaidi, na usiku boma zenye kuta nene, watu na mbwa ndizo zilizokuwa salama zaidi. Mbwa huyo hufanya kazi kwa kuwa macho na kupiga kelele. Mfugaji anahitaji mbwa anayemtambua mgeni wa hatari na kumpuuza mtoto wa jirani. Uwezo huo wa kutofautisha ndio kipigo kinaouharibu.

Imani ilikotoka

Mafunzo ya kumlazimisha mbwa yaliandikwa kitabuni na Konrad Most, mkufunzi wa mbwa wa polisi nchini Ujerumani, mwaka wa 1910. Hoja ya kisayansi ilikuja baadaye. Mwaka wa 1947 mtafiti wa Uswisi, Rudolf Schenkel, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mbwa mwitu wa kijivu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel. Aliona wakigombana na wababe wawili, dume na jike, wakikaa juu ya wengine. Mwaka wa 1970 Mmarekani L. David Mech aliandika kitabu kuhusu wanyama hao na kulieneza wazo la kiongozi mbabe, yule anayeitwa alfa. Wakufunzi wa mbwa wakalichukua wazo hilo. Mwaka wa 1978 watawa wa New Skete, jimbo la New York, walitoa kitabu kilichopendekeza kumpindua mbwa mgongo chini kama adhabu.

Kosa lilikuwa katika mahali pa kuchunguzia. Wanyama wa Basel walikusanywa na kufungiwa pamoja bila njia ya kuondoka. Ni sawa na kuchunguza maisha ya familia ya binadamu ndani ya selo ya jela. Kuanzia mwaka wa 1986 Mech mwenyewe alikaa misimu ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, akiwatazama mbwa mwitu walio huru. Alichokiona ni familia: baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti. Wazazi waliongoza kwa sababu ni wazazi. Mwaka wa 1999 alichapisha makala ya kueleza kwamba neno alfa halifai kwa kundi la kawaida, na kwa miaka mingi alimwomba mchapishaji asiendelee kuchapa kile kitabu chake cha zamani. Watawa wa New Skete nao waliliondoa pendekezo la kumpindua mbwa katika toleo la 2002.

Mbwa mwitu wa kwetu

Kiswahili hutumia jina moja, mbwa mwitu, kwa mnyama wa kijivu wa nchi za baridi na kwa yule wa Afrika mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano. Huyu wa Afrika bado yumo kusini mwa Garissa na katika msitu wa Boni unaoelekea Lamu. Yeye si babu wa mbwa tunaowafuga, ni jamaa wa mbali. Hata hivyo maisha yake yanajibu dhana kwamba mnyama wa jamii ya mbwa huishi kwa mabavu tu.

Kundi la mbwa mwitu wa Afrika kwa kawaida hujengwa na jozi moja inayozaa, ndugu zao na watoto. Mawindo yakipatikana, watoto ndio hula kwanza. Wakubwa waliokwenda kuwinda hurudi pangoni na kuwatapikia nyama watoto na wale waliobaki kulinda. Mchungaji anayemwambia mwanawe kwamba mkubwa wa mbwa lazima ale kwanza ili aheshimiwe, huku wanyama wa nyika yake wakifanya kinyume, hakujifunza hilo kwa kutazama.

Kipigo huzaa nini

Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliofika kliniki kwa matatizo ya tabia. Miongoni mwa waliowahi kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliompindua mgongo chini, asilimia 31. Waliomkodolea macho, asilimia 30. Yaani mbinu zilizokusudiwa kumtuliza mbwa ndizo zilizomchokoza.

Mwaka wa 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha mbwa 92 katika shule za mafunzo nchini Ureno. Wale waliofunzwa zaidi kwa adhabu walionyesha dalili nyingi za wasiwasi, na mate yao yalipanda homoni ya kotisoli, ambayo huongezeka mwili ukiwa katika shinikizo. Chama cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama nchini Marekani kilikuwa kimetoa tamko la kuonya dhidi ya nadharia ya ubabe tangu mwaka wa 2008.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana haraka. Mbwa anayenguruma anatoa onyo: usinisogelee. Akipigwa kila anaponguruma, hofu haiondoki, linaloondoka ni onyo. Siku moja atauma kimya kimya, na watu watasema mbwa amegeuka ghafla.

Kuumwa na mbwa nyikani

Mjini, mtu aliyeumwa na mbwa hupanda tuktuk hadi hospitali. Katika vijiji vya mbali vya Ijara, Fafi au Lagdera, safari ya kutafuta chanjo inaweza kuchukua siku nzima, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Hapo ndipo swali la namna ya kumfunza mbwa linapogeuka kuwa swali la afya ya umma.

Kichaa cha mbwa kinapoonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, vingi Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15, umri ule ule wa watoto wanaochunga mbuzi. Kenya ilianza mwaka wa 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Ukali wa mafunzo unaharibu mpango huo pia. Mbwa anayemwogopa kila mwenye mkono mrefu hashikiki siku ya chanjo. Atatoroka au atamuuma mchanjaji. Mbwa aliyezoea kuitwa na kushikwa kwa upole huchanjwa kwa dakika moja.

Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa unamjua.

Dini inasemaje

Wakazi wengi wa Kaskazini Mashariki na wa mwambao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na hukumu ya najisi ya mbwa inajulikana: kilichoguswa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo wanaodhani kwamba hukumu hiyo inaruhusu ukatili. Hairuhusu. Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inasimulia mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Aya ya 4 ya Sura Al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Hadithi zinazokataza kuweka mbwa zimewatoa katika katazo mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba.

Tazama pia upande wa vitendo. Mbinu ya ubabe inamtaka mtu amkumbatie mbwa chini, amkamate mdomo, apambane naye mwili kwa mwili, mate na vumbi. Mbinu ya zawadi haihitaji hata kumgusa: sauti, ishara ya mkono na kipande cha chakula kilichotupwa chini vinatosha. Kwa mfugaji anayechunga wudhu wake, hii ndiyo njia nyepesi.

Njia inayofanya kazi

Afrika Mashariki haikosi mifano. Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hakuna awezaye kumfanyia panya ubabe akamwonyesha bomu. Hufunzwa kwa mlio mdogo unaofuatwa na chakula. Panya wao Magawa aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, akapewa medali ya dhahabu nchini Uingereza mwaka wa 2020. Hapa kwetu, mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika bandari ya Mombasa hufanya kazi hiyo wakitarajia kupewa mpira wa kuchezea.

Kwa mfugaji wa Garissa, kanuni hiyo hiyo ina hatua rahisi:

Anza mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa akae karibu na mbuzi tangu akiwa na wiki chache, awazoee kama wenzake. Wakulima wa Namibia wanaopewa mbwa wa kulinda mifugo dhidi ya duma, mpango ulioanza mwaka wa 1994, hufuata njia hii.

Lipa kazi njema papo hapo. Akija ukimwita, mpe ugali au utumbo wakati huo huo. Usimwite ukampiga, maana atajifunza kutokuja.

Zuia kosa kabla halijatokea. Mbwa anayekimbiza wana-mbuzi afungwe kamba ndefu wakati wa kuchunga mpaka azoee. Akianza mchezo huo, mwite na umwelekeze kwingine.

Mzoeshe watoto na wageni kwa utulivu. Mnyororo mfupi kutwa nzima humfanya amwone kila apitaye kuwa adui.

Akibadilika ghafla, akawa mkali au mlegevu kupita kawaida, akatokwa na mate, usimkaribie wala kumpa adhabu. Mzuie mbali na watu na umwarifu afisa wa mifugo.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema fimbo imetumika vizazi na vizazi na mbwa wametii. Ni kweli fimbo husimamisha jambo kwa muda. Lakini mbwa aliyesimama kwa hofu hajajua atakiwalo. Amejua tu nani wa kuogopwa, na fimbo ikiondoka, utii nao huondoka. Wengine watasema penye fisi panahitaji mbwa mkali. Ukali dhidi ya fisi mbwa huupata kwa kulipenda kundi alilokulia. Ukali dhidi ya watu ndio hupandwa na kipigo.

Wala wanasayansi hawasemi kwamba mbwa hawana wakubwa na wadogo. Mbwa wawili wakigombania mfupa, mmoja huenda akamwachia mwenziwe. Wanachokataa ni kuugeuza ugomvi wa mfupa kuwa somo la malezi.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkosaji anayempiga mnyama kikatili, anayempiga teke, anayemtesa au kumtia hofu. Kazi ya serikali za kaunti ni kuhakikisha chanjo inafika hadi boma la mwisho. Kazi ya mwenye mbwa ni kuhakikisha siku hiyo mbwa wake anakuja akiitwa.