Viungo vya Kamera: Vyombo vya Wapiga Picha Toka Filamu Hadi Dijitali

Historia ya kamera za dijitali husimuliwa mara nyingi kama historia ya kihisi, yaani kile kipande cha silikoni kilichoshika mahali pa filamu. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1969 Willard Boyle na George Smith, wataalamu wa Bell Labs huko Marekani, walibuni saketi ambayo baadaye ilifaa kupokea mwanga, na ambayo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2009. Kwamba mwaka wa 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, aliunganisha saketi ya namna hiyo na lenzi ya kamera ya sinema na kinasa cha kaseti, akapata picha ya nukta 10,000 iliyochukua sekunde 23 kuandikwa katika ukanda. Na kwamba toka hapo nukta ziliongezeka mpaka filamu ikashindwa. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu. Mpiga picha hanunui kihisi peke yake. Hununua lenzi, flashi, miguu mitatu ya kusimamishia kamera, betri, kadi na mkoba wa kuvitia vyote, na mara nyingi thamani ya vyombo hivyo hupita thamani ya kamera yenyewe. Vyombo hivyo hushikamana na kamera kwa viungo, na viungo ndivyo vilivyoamua nini kitadumu na nini kitatupwa.

Kiungo kilicho cha kale kuliko vyote kiko chini ya kamera: ni tundu lenye hesi ambamo hukazwa parafujo ya miguu mitatu. Upana wake ni robo inchi, nalo lina hesi 20 katika kila inchi. Idadi hiyo ni ile ile ya vipimo alivyovipendekeza Joseph Whitworth, mhandisi wa Kiingereza, mwaka wa 1841, alipotaka kukomesha vurugu ya viwanda ambavyo kila kimoja kilikata parafujo kwa kipimo chake. Pembe ya hesi ilibadilika baadaye kutoka digrii 55 kuwa 60, lakini upana na idadi vilibaki. Kamera zitengenezwazo Japani, nchi itumiayo vipimo vya mita, zina tundu la inchi mpaka leo. Neno lenyewe la parafujo limetoka katika Kireno, likabaki katika Kiswahili baada ya Wareno kuondoka pwani; hali kadhalika robo inchi ya Whitworth imebaki mahali ambapo inchi haitumiki tena kwa jambo lingine.

Kiungo cha pili ni kishikio kidogo cha chuma kilicho juu ya kamera, chenye kingo mbili zilizokunjwa, ambamo flashi husukumwa. Asili yake si flashi. Katika kamera ya Leica, aliyoibuni Oskar Barnack na ambayo kampuni ya Ernst Leitz ya Wetzlar iliionyesha huko Leipzig mwaka wa 1925, kishikio hicho kilibeba kipimia umbali, kwa kuwa kamera yenyewe haikuwa na njia ya kumwonyesha mpigaji kitu kiko mbali kiasi gani. Baadaye kilitiwa mguso wa umeme katikati, flashi ikakaa mahali pa kipimia umbali, na siku hizi hubeba hata maikrofoni. Minolta ilikiacha mwaka wa 1988 ikabuni chake; Sony, iliyorithi kazi ya kamera za Minolta mwaka wa 2006, ilikaa na kishikio hicho cha pekee mpaka mwaka wa 2012, ndipo iliporudia umbo lijulikanalo na wote.

Leica hiyo hiyo iliacha urithi mwingine. Barnack alitumia filamu ya sinema ya milimita 35, akaunganisha nafasi mbili za picha ya sinema kuwa moja, ya milimita 24 kwa 36. Filamu ya sinema haina kazi yo yote ndani ya kamera ya dijitali. Hata hivyo Canon ilipotoa kamera ya EOS-1Ds mwaka wa 2002, kihisi chake kilifuata kipimo hicho, kwa sababu lenzi zilizokuwako zilitengenezwa kuangaza eneo la ukubwa huo.

Amma kiungo chenye thamani kubwa kuliko vyote ni kile kishikacho lenzi. Nikon ilitoa kiungio chake cha F mwaka wa 1959. Mwaka wa 1991 Kodak ilipowauzia wapiga picha wa kazi kamera ya dijitali iitwayo DCS, haikujenga mwili mpya. Ilichukua Nikon F3, kamera ya filamu, ikaitia kihisi cha pikseli milioni 1.3, na picha zikapelekwa kwa waya mpaka kwenye sanduku lenye diski ya megabaiti 200, ambalo mpigaji alilitundika begani. Mzigo ulikuwa mkubwa na bei yake kubwa zaidi, lakini lenzi zilikuwa zile zile. Hata Nikon ilipotoa D1 mwaka wa 1999, kamera iliyokusudiwa tangu mwanzo kuwa ya dijitali, kiungio kilikuwa kile cha 1959. Mpiga picha wa gazeti aliyekuwa na kabati la lenzi aliweza kuacha filamu bila ya kuacha mali yake. Mwendelezo huo ulikuwa na mipaka, kwani lenzi za kabla ya mwaka wa 1977, Nikon ilipobadili pete ya kupimia mwanga, zaweza kudhuru baadhi ya kamera za baadaye zisipochongwa kwanza, lakini haukukatika.

Canon ilichagua njia nyingine. Lenzi zake za FD, zilizouzwa tangu mwaka wa 1971, zilihitaji filamu iwe milimita 42 nyuma ya kiungio. Mwaka wa 1987 ilitoa kiungio kipya cha EF, ambacho filamu yake ilikaa milimita 44 nyuma. Kwa tofauti ya milimita 2 tu, lenzi ya kale iliyofungwa katika kamera mpya haikuweza kuonyesha wazi vitu vya mbali, ila kwa kuongezewa kioo cha katikati. Waliotumia fedha zao nyingi kununua lenzi za FD waliudhika, wala hawakuwa na kosa. Lakini kiungio kipya hakikuwa na wenzo wo wote. Kila amri ilipita kwa umeme, na kwa hiyo kilipokutana na kihisi hakikuhitaji kubadilishwa. Nikon ilibeba mizigo ya zamani miaka mingi. Canon iliutua mzigo huo mara moja, na walioubeba ni wanunuzi.

Jambo ambalo hapana aliyelipanga lilitokea baada ya mwaka wa 2008, kamera zilipoanza kujengwa bila ya kioo kile cha ndani kinachopeleka taswira kwenye jicho la mpigaji. Kioo kilipoondoka, nafasi yake iliondoka pia. Kiungio cha F kilikuwa milimita 46.5 mbele ya filamu. Kiungio cha E cha Sony cha mwaka wa 2010 kiko milimita 18 mbele ya kihisi, na kile cha Z cha Nikon cha mwaka wa 2018 milimita 16. Katika nafasi iliyobaki yaweza kutiwa pete tupu ya chuma isiyo na kioo cho chote, na lenzi ya kale ikafanya kazi. Lenzi za FD zilizohukumiwa kufa mwaka wa 1987 zimerudi kazini, na pamoja nazo lenzi za hesi ya milimita 42 ambazo viwanda vya Dresden vilianza kuzieneza tangu mwaka wa 1949.

Kadi za kumbukumbu hazikupata bahati hiyo. SanDisk ilitoa CompactFlash mwaka wa 1994. Toshiba ikafuata na SmartMedia mwaka wa 1995. Sony ikatoa Memory Stick mwaka wa 1998. SanDisk, Matsushita na Toshiba zikatoa SD mwaka wa 1999. Olympus na Fujifilm zikatoa xD mwaka wa 2002. Kila upande ulitaka mwenye kununua kamera yake alazimike kununua na kadi zake. SD ndiyo iliyoshinda miongoni mwa kamera za watu wengi, na mwaka wa 2010 hata Sony ilianza kuipokea. Kadi za SmartMedia na xD zilizobaki katika masanduku ya watu ni nzima, ila visomeo vyake vinatoweka.

Hapa ndipo suala la vyombo linapogusa suala la kumbukumbu za watu. Mjini Unguja Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka wa 1930, na kazi ya studio za namna hiyo iliacha negativu. Negativu ikiinuliwa kwenye mwanga husomeka kwa macho, wala haiulizi kampuni iliyoitengeneza kama ingali hai. Katika Kiswahili cha Tanzania picha bado "husafishwa", hata zikitoka katika kadi au simu ambayo haijapata kuona dawa ya chumba cha giza. Neno limevuka bila ya kitu chake, kwa sababu wasemaji wote walilishika pamoja. Kadi haina wasemaji. Isipopata tundu la umbo lake, picha za arusi na za mazishi zilizomo ndani yake ni sawa na zisizopigwa.

Kwa hiyo ahifadhiye picha za dijitali, awe mtu mmoja au maktaba, hawezi kuhifadhi kadi peke yake. Yampasa ahifadhi na kisomeo chake, au anakili picha hizo mapema ziingie katika kiungo kilichokubaliwa na wengi. Robo inchi ya Whitworth haikudumu kwa ubora wake. Ilidumu kwa kuwa hapana kiwanda kilichoweza kuiita yake.