UZI: Nani ni mgeni? Historia fupi ya "hafla imeingiza mabilioni"

1/ Kila hafla kubwa ikiisha, iwe mbio za magari, tamasha au sherehe za kitaifa, tunasikia maneno yaleyale: "Kaunti imeingiza mabilioni." Upande mmoja unashangilia, mwingine unasema ni uongo mtupu. Wachache huuliza hizo pesa zilihesabiwa vipi. Leo tuangalie historia ya hesabu yenyewe. Hakuna jina la mwanasiasa wala chama hapa.

2/ Njia ya kawaida ni hii. Watafiti wanasimama langoni na kumuuliza, tuseme, kila mtu wa ishirini: Umetoka wapi? Mmekuja wangapi? Mnalala siku ngapi? Mmetumia pesa ngapi hapa mjini? Wanapata wastani, wanauzidisha kwa idadi ya wageni. Hesabu ya shule ya msingi. Ujanja wote uko kwa neno moja: mgeni.

3/ Turudi 1985. Adelaide, Australia, iliandaa mbio za Formula 1 kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata wachumi wa huko, Burns, Hatch na Mules, walitoa kitabu ambacho watafiti wa hafla wanakitaja hadi leo. Hawakuhesabu tiketi tu. Waliuliza pia: huyu aliyekuja, si angekuja Adelaide hata hivyo, ila amesogeza tu safari ilingane na mbio? Na waliangalia hasara vilevile. Kuna sehemu ya kitabu kuhusu ajali za barabarani zilizoongezeka mjini wakati wa mbio.

4/ 1995, John Crompton wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, aliorodhesha makosa 11 ya hesabu hizi. Kuna watu alisema waondolewe. Tuwaweke kwa mifano yetu:
– Wenyeji. Mkazi wa Naivasha akinunua nyama choma kwenye hafla, pesa hizo angezitumia mjini humo humo wiki ijayo. Zimebadilisha mfuko tu.
– Waliosogeza tarehe. Walipanga kuja Desemba, wakaja Juni. Juni imepata, Desemba imekosa.
– Waliokuwepo tayari. Walikuja harusi au semina, wakapitia kuona.
Ukiwaacha wote ndani, takwimu inaumuka kama andazi.

5/ Halafu kuna mipaka. Mtu wa Nakuru mjini akienda Naivasha kutazama Safari Rally, kwa Naivasha ni mgeni. Kwa Kaunti ya Nakuru ni mwenyeji. Mtu wa Nairobi ni mgeni kwa kaunti, lakini kwa Kenya hajaleta pesa mpya. Kwa hivyo mtu akisema "uchumi umefaidika", muulize: uchumi wa nani?

6/ Melbourne iliichukua Formula 1 kutoka Adelaide mwaka 1996. Mwaka 2007 Mkaguzi Mkuu wa jimbo la Victoria alitoa ripoti iliyochunguza mbio za 2005. Alipohesabu mchango kwa uchumi wa jimbo, alipata dola za Australia milioni 62.4. Alipolinganisha faida na gharama, alipata hasara ya milioni 6.7. Ripoti moja, mbio zilezile. Kwenye mdahalo, pande zote mbili zingeitaja na kila mmoja ajione ameshinda.

7/ Afrika Kusini, 2010. Kampuni ya ushauri ilikadiria Kombe la Dunia lingeleta wageni 483,000. Aprili mwaka huo ikashusha hadi 373,000. Mashindano yalipoisha, bodi ya utalii ilihesabu wale tu ambao Kombe ndilo lilikuwa sababu kuu ya safari yao. Ikapata 309,554 kutoka nje ya nchi, waliotumia randi bilioni 3.64. Ni pesa nyingi, hakuna anayekataa. Lakini viwanja vilikuwa vimeshajengwa kwa matumaini ya makadirio ya mwanzo.

8/ Kwetu je? Safari Rally ilianza 1953, ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha. Madaraka Dei ilianza kuzunguka kaunti 2016, Nakuru ikiwa ya kwanza. AFCON 2027 tumepewa pamoja na Uganda na Tanzania. Zote zinakula pesa za umma: barabara, ulinzi, viwanja. Shilingi hiyohiyo ingeweza kununua dawa za zahanati.

9/ Hapa hatusemi hafla ni bure. Mwenye lojing'i aliyejaza vyumba ameona pesa. Wa bodaboda ameona. Lakini mama wa kibanda aliyefungiwa barabara siku tatu naye ahesabiwe, na pia mtalii wa kila mwaka aliyekosa chumba akaenda kwingine.

10/ Ukitupiwa takwimu, uliza haya kabla ya kubishana:
– Waliohojiwa ni wangapi, na langoni au ofisini?
– Wenyeji walitolewa?
– Waliulizwa kama wangekuja hata bila hafla?
– Pesa za umma zilizotumika zimetolewa kwenye hesabu?
– Hojaji iko wapi tuione?

Swali kwenu: kuna yeyote hapa aliyewahi kuulizwa kwenye hafla ya kaunti ametoka wapi na ametumia ngapi? Tuambieni hapo chini, na mtaje kaunti.