Intaneti ya DSL inasuasua? Rekebisha ruta kabla hujaongeza kifurushi



Kuna swali naulizwa mara kwa mara na washkaji wenye laini ya DSL nyumbani, ile inayopita kwenye waya wa simu ya mezani. Swali lenyewe ni hili: "Kurasa zinafunguka vizuri tu, lakini nikicheza gemu nakufa kabla sijamwona adui, na nikipiga simu ya intaneti sauti inakatakata. Ninunue kifurushi kikubwa zaidi?"

Jibu langu siku zote ni: subiri kwanza. Mimi nilishanunua. Hela ikaenda, lagi ikabaki palepale. Leo naandika yote niliyojifunza ili wewe usirudie kosa langu.

YALIYONIKUTA

Mwaka 2011 nyumbani kwetu Magomeni tulikuwa na laini ya DSL. Dada yangu alikuwa Muscat, na kila Jumapili jioni mama alikaa mbele ya kompyuta kuongea naye kwa Skype (huduma hiyo ilifungwa Mei 2025, lakini enzi hizo ndo ilikuwa yenyewe).

Kuna Jumapili mazungumzo yalikuwa safi. Kuna nyingine mama anauliza, "Mwanangu, mzima wewe?" halafu kimya. Sekunde mbili, tatu, ndo dada anajibu. Mama akaanza kuwa na wasiwasi. Siku moja akamwambia, "Mbona siku hizi unafikiria kwanza ndo unajibu? Unanificha nini?" Dada akalia, maana hakuwa anaficha kitu. Nyumba nzima ilikosa raha wiki ile.

Nikaona dawa ni kasi. Tukalipa kifurushi kikubwa, tukatoka kilobiti 512 kwa sekunde hadi megabiti 1. Jumapili iliyofuata, kimya kilekile. Kumbe kilichoongezeka ni kasi ya kushusha tu. Kasi ya kupandisha ilibaki kilobiti 256, na ugonjwa ulikuwa huko. Mdogo wangu chumbani alikuwa anapandisha picha kila Jumapili jioni, saa ileile ya mama.

KASI NA LAGI NI VITU VIWILI

Kasi ni kiasi gani cha data kinapita kwa sekunde. Lagi ni muda ambao pakiti moja inachukua kwenda na jibu kurudi. Unaweza kuwa na kasi nzuri na lagi mbaya kwa wakati mmoja.

Fikiria kivuko cha Kigamboni. Kivuko ni kilekile na kinavusha kiasi kilekile. Ila kama malori 40 yameshapanga foleni, wewe mwenye baiskeli utasubiri malori yote yavuke. Pakiti ya sauti au ya gemu ndo hiyo baiskeli. Ni ndogo, haihitaji nafasi kubwa, lakini haiwezi kungoja. Picha zinazopandishwa ndo malori.

Foleni hiyo iko ndani ya modemu, sehemu inayoitwa bafa. Tupige hesabu. Bafa ya kilobaiti 64 ina biti 524,288. Laini inayopandisha kilobiti 256 kwa sekunde itachukua sekunde 2 hivi kuimaliza foleni hiyo ikijaa. Hizo ndo sekunde mbili za kimya cha mama!

Kwa nini bafa inajaa? Kwa sababu TCP, utaratibu unaotumika kusafirisha mafaili, huongeza mwendo mpaka uone pakiti imepotea. Modemu yenye bafa kubwa haitupi pakiti mapema, inazilundika tu. Kwa hiyo faili moja linatosha kujaza foleni yote. Mwaka 2010 Mmarekani Jim Gettys, aliyekuwa Bell Labs, alianza kuandika juu ya tatizo hili, nalo likapata jina la bufferbloat, yaani bafa kuvimba.

Kwa kulinganisha, shirika la ITU katika waraka wake G.114 linashauri sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150, na mtandao usipangwe kuzidisha 400. Sisi tulikuwa 2,000.

HATUA YA 1: PIMA KWANZA

Usiguse setingi yoyote kabla hujapima. Tumia waya na siyo Wi-Fi, ili usije ukalaumu laini kwa kosa la ukuta.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika tracert 8.8.8.8. Tafuta anwani ya kwanza inayotokea baada ya vifaa vya nyumbani kwenu. Hiyo ni ya kampuni yako. Kisha andika ping -t ikifuatiwa na anwani hiyo. (Isipojibu, tumia inayofuata.) Acha iende dakika moja wakati hakuna anayetumia mtandao, uandike namba. Halafu anza kupandisha faili kubwa, uangalie tena.

Kwangu ilikuwa milisekunde 30 mtandao ukiwa mtupu, na zaidi ya 2,000 wakati wa kupandisha. Kama namba yako inapaa hivyo, ugonjwa wako ni foleni, na dawa iko hapa chini. Kama namba ni mbaya hata mtandao ukiwa mtupu, anza na hatua ya 2.

HATUA YA 2: KAGUA WAYA WENYEWE

Kila simu ya mezani nyumbani lazima iwe na kichujio chake cha DSL. Simu moja isiyo na kichujio inatosha kuvuruga laini.

Ingia kwenye ukurasa wa modemu, tafuta namba iliyoandikwa SNR. Ikiwa desibeli 6 au zaidi kwa kawaida uko salama. Ikishuka chini ya hapo tegemea laini kukatika ovyo. Badilisha waya mrefu wa ndani, kaza viungio, sogeza modemu karibu na mahali waya unapoingia nyumbani.

HATUA YA 3: WEKA KIKOMO CHA KUPANDISHA

Hapa ndo penyewe. Kama utafanya jambo moja tu kwenye makala hii, fanya hili.

Foleni inajengeka kwenye modemu kwa sababu ruta inaitumia data haraka kuliko waya unavyoweza kupitisha. Ukiiambia ruta ipeleke polepole kidogo kuliko waya, foleni itahamia ndani ya ruta, na ruta unaweza kuiamuru nani apite kwanza. Modemu haikusikilizi.

Pima kasi yako halisi ya kupandisha, siyo ile ya kwenye tangazo. Mimi laini ilikuwa 256, lakini nilipopima nikapata 215 hivi. Chukua asilimia 85 ya namba uliyopima. Kwangu ikawa kama 180. Nikaiandika sehemu ya QoS kwenye ruta, nikaweka sauti na pakiti ndogo mbele, mafaili nyuma.

Modemu ya kampuni haikuwa na QoS, kwa hiyo niliweka nyuma yake ruta ya mtumba, Linksys WRT54GL niliyoipata Kariakoo, nikaipakia programu ya Tomato.

Nikapima tena mdogo wangu akiwa anapandisha: milisekunde 90 hivi. Kutoka 2,000! Bila kulipa kampuni shilingi moja zaidi.

Angalizo: angalia kama ruta yako inaandika kilobiti au kilobaiti. Kilobiti 256 ni kilobaiti 32 tu. Ukichanganya, kikomo hakitafanya kazi kabisa, au utajinyonga mwenyewe.

HATUA YA 4: KUSHUSHA NAKO KUNA FOLENI

Fanya vivyo hivyo kwa kushusha, asilimia 85 hadi 90. Huku hesabu haiko kamili, maana foleni iko kwa kampuni. Lakini ruta ikitupa pakiti chache mapema, yule anayetuma atapunguza mwendo mwenyewe.

HATUA YA 5: KAMA RUTA INAKUBALI, TUMIA SQM

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, njia inayoangalia pakiti imekaa muda gani kwenye foleni badala ya kuhesabu ziko ngapi. Ikazaa fq_codel, na baadaye CAKE iliyoingia kwenye Linux mwaka 2018. Zote zinagawa foleni kwa kila mazungumzo, ili baiskeli isikae nyuma ya malori, na huna haja ya kuandika orodha ndefu ya nani aende mbele.

Kwenye OpenWrt inaitwa SQM. Weka kikomo cha kupandisha na cha kushusha, chagua CAKE, basi. Ila usinunue ruta kuukuu kama ile yangu kwa kazi hii. Zenye fleshi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32 hazitoshi tena kwa OpenWrt za sasa. Na hakikisha modeli yako iko kwenye orodha yao kabla hujabadilisha programu, la sivyo utabaki na tofali.

Usisahau jambo moja la DSL. Laini nyingi za ADSL hukata data vipande vya baiti 53, ambapo 48 tu ndo mzigo. Pakiti ya baiti 1,492 inaishia kuwa vipande 32, sawa na baiti 1,696 kwenye waya. Ndiyo maana 256 yangu ilionekana 215. SQM ina sehemu ya kuchagua ATM. Ichague, hesabu itakaa sawa.

MAMBO AMBAYO HAYATAKUSAIDIA

- Kubadilisha DNS. Inaweza kufanya ukurasa uanze kufunguka mapema, lakini pingi ya gemu haishuki.
- Kuchezea MTU. Kwa PPPoE iache 1492. Ikiwa sahihi tayari, hakuna cha kuvuna hapo.
- Kuwasha na kuzima ruta kila saa. Foleni inafutika, kisha inajaa upya.
- Programu za "kuongeza kasi". Hakuna programu inayopanua waya.

Yanayosaidia pembeni: weka paswedi kwenye Wi-Fi, chagua chaneli 1, 6 au 11 iliyo tupu kuliko zingine, na panga simu zenu zihifadhi picha mtandaoni usiku. Siku hizi mtu hahitaji hata kubonyeza kitu, simu yenyewe inapandisha picha kimyakimya.

MPAKA WA DAWA HII

Ruta haifupishi dunia. Zamani za setilaiti, ishara ilipanda kama kilomita 36,000 na kushuka tena, kwa hiyo kwenda na kurudi kulikula karibu nusu sekunde hata ungefanyaje. Tulipona pale nyaya za baharini zilipofika, SEACOM ikiwa Julai 2009. Seva ya gemu ikiwa Ulaya, umbali huo utaulipia tu. Unachoweza kuondoa ni foleni ya nyumbani kwenu.

Pia kuna bei: asilimia 15 ya kasi unaitoa sadaka. Faili litachelewa kidogo. Mdogo wangu alilalamika siku mbili, akazoea.

Jumapili iliyofuata nilikaa kando bila kusema kitu. Mama akauliza, "Mwanangu, mzima wewe?" Dada akajibu hapohapo. Wakaongea saa nzima, mara wanacheka wote kwa pamoja. Mama alipomaliza akaniambia, "Leo mwenzio kachangamka." Nikataka kumweleza habari za bafa na kilobiti, nikaona nimwache tu.

Haya wadau, jaribuni. Ukishapima, weka hapo chini namba zako tatu: pingi ukiwa mtupu, pingi ukipandisha, na kasi ya kupandisha. Ukikwama kwenye setingi taja na modeli ya ruta, tutasaidiana.