Breki ya Mbele na Uoga Tuliourithi

Mwaka jana kijana mmoja wa kikundi chetu hapa Nakivale alianguka na boda. Alikuwa amebeba mama mmoja anayetoka sokoni na mizigo yake. Kwenye mteremko mbuzi akakatiza njia. Kijana akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote, tairi ya nyuma ikagoma kuzunguka, boda ikateleza ubavu, wote wawili wakaingia mtaroni. Mama alivunjika mkono. Kijana alivunjika mguu, na mpaka sasa anachechemea. Breki ya mbele hakuigusa hata kidogo.

Nilipoenda kumuona aliniambia bila hasira: "Yaya, nilifanya vile ulinifundishaga."

Na ni kweli. Mimi ndiye nilimfundisha kuendesha, na nilimwambia maneno ambayo mimi pia niliambiwa: "Ile ya mkono uiache, itakurusha juu ya usukani." Karibu kila dereva hapa anayajua maneno hayo. Tangu siku ile nikaanza kujiuliza, maneno haya yalitoka wapi? Nikasoma, nikauliza mafundi na wazee wa boda. Leo nawaandikia niliyoyapata, maana kuna watu wanaumia kwa sababu ya jambo ambalo zamani lilikuwa kweli na sasa si kweli tena.

Zamani lilikuwa kweli kabisa. Miaka ya 1870 huko Uingereza watu walipanda baiskeli yenye gurudumu la mbele kubwa sana, karibu kimo cha mtu, na la nyuma dogo. Mpandaji alikaa juu kabisa, karibu sawa na katikati ya lile gurudumu kubwa. Breki yake ilikuwa kipande cha chuma chenye umbo la kijiko, kinachokandamiza tairi la mbele. Ukibana kwa nguvu, gurudumu linasimama, wewe unaendelea, unatua kwa kichwa. Mtu wa wakati ule akimwambia mtoto wake aogope breki ya mbele, alikuwa anamuokoa.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribiana ukubwa, mnyororo ulizungusha la nyuma, na mpandaji alikaa katikati, chini zaidi. Ndiyo mama wa baiskeli tunazozijua. Kuanzia hapo kurushwa mbele kukawa kugumu zaidi, kwa sababu uzito wa mtu haukukaa tena juu ya gurudumu la mbele.

Pikipiki zikaja baadaye kidogo. Ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa ilikuwa ya Hildebrand & Wolfmüller, mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1894. Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hili: Harley-Davidson, kampuni iliyoanza mwaka 1903 kule Marekani, haikuweka breki ya mbele kwenye pikipiki zake mpaka zile za mwaka 1928. Yaani miaka 25 watu waliendesha kwa breki ya nyuma tu. Barabara nyingi zilikuwa za udongo, tairi zilikuwa nyembamba. Mtu aliyejifunza hivyo ujana wake wote, siku akiletewa breki ya mbele, si ajabu aitazame kwa mashaka. Na mtu kama huyo ndiye aliyewafundisha waliomfuata.

Mashine zikaendelea kubadilika. Mwaka 1969 Honda ilitoa CB750, yenye breki ya diski mbele, inayosukumwa na mafuta, si waya. Mikono ya watu haikubadilika haraka hivyo. Mwaka 1981 ulitoka uchunguzi wa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California. Walichunguza ajali kama 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakifika mahali penyewe. Waliona kwamba waendeshaji wengi, wakati wa hatari, walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi mpaka tairi ikateleza, na ya mbele waliitumia kidogo sana. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Ilikuwa kama wanaeleza ule mteremko wetu.

Sasa, uoga huu ulifikaje kwetu? Nadhani kwetu ulikuja pia na njia yake. Neno boda lenyewe limetoka Busia, mpaka wa Kenya na Uganda. Miaka ya 1960 na 1970 vijana pale walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya ofisi za mpaka za nchi mbili, wakiita wateja "boda, boda". Baadaye pikipiki zikachukua nafasi, na kazi ikaenea Uganda yote. Wengi walihama kutoka baiskeli kwenda pikipiki bila kupita shule yoyote ya udereva. Sisi tuliotoka Kivu tumeona chukudu za Goma, zile za mbao. Nilizoziona mimi zilikuwa na kipande cha mpira nyuma, mtu anakikanyaga kwenye tairi wakati wa kushuka. Kwa hiyo kichwani mwetu breki, au fre kama tunavyoitaga, ni kitu cha mguu na ni kitu cha nyuma. Kwa mwendo wa chukudu hiyo inatosha. Kwa mwendo wa pikipiki haitoshi.

Sababu yake unaweza kuiona ukipanda basi. Dereva akishika breki, abiria wote wanaenda mbele. Kwenye pikipiki pia uzito unakimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini na kushika barabara vizuri zaidi, la nyuma linakuwa jepesi. Ndiyo maana la nyuma linagoma na kuteleza upesi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kusimama inatoka mbele. Ukiiacha ya mbele, umeacha breki yako kubwa.

Lakini nisiwadanganye kama nilivyomdanganya yule kijana. Uoga wa zamani una kipande cha ukweli. Ukiikamata ya mbele ghafla, kabla uzito haujaenda mbele, tairi linaweza kuteleza. Ukiibana ukiwa umepinda kwenye kona, au juu ya changarawe, mchanga au matope, unaweza kuanguka upesi sana. Kwa hiyo ya mbele inabanwa kama unakamua kitambaa: kidogo kwanza, halafu unaongeza.

Haya ndiyo ninayowafundisha vijana sasa. Achia mafuta, boda iwe imesimama wima, usukani umenyooka, shika zote mbili pamoja. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Penye changarawe tumia ya mbele kwa upole na anza mapema. Ukibeba abiria, nyuma kuna uzito zaidi, kwa hiyo ya nyuma inakusaidia zaidi kuliko ukiwa peke yako, lakini boda nzima ni nzito na inahitaji nafasi ndefu ya kusimama. Mteremko mrefu, weka gia ndogo, injini ikushikilie, usikae juu ya breki mpaka ziwake moto na kulegea. Ukivuka maji, breki za ndani ya gurudumu zinalowa. Zishike kidogo kidogo mpaka zikauke kabla ya kuzitegemea. Na waya wa mbele unavutika: ukiona mkono unakaribia kugusa usukani, nenda kwa fundi. Nimekuta boda ambazo mwenyewe amelegeza ule waya makusudi.

Huko kwingine serikali zimeacha kutegemea mkono wa dereva peke yake. BMW iliweka mfumo wa kuzuia tairi kugoma kwenye pikipiki ya K100 mwaka 1988. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa pikipiki mpya zinazozidi sisi 125, kuanzia mwaka 2016. India, zinakotoka boda zetu nyingi, ililazimisha mwaka 2019: zinazozidi 125 ziwe na mfumo huo, ndogo ziwe na breki zilizounganishwa, ukishika moja zote mbili zinafanya kazi. Lakini boda ninazoziona hapa kambini hazina hayo. Zina waya, breki shuu, na mkono wako.

Mwezi uliopita tulienda uwanja wa mpira, vijana 11 na boda tatu. Tukaweka jiwe, kila mmoja akaja kwa mwendo mmoja, akashika breki akifika kwenye jiwe. Raundi ya kwanza ya nyuma tu. Raundi ya pili zote mbili. Yule kijana anayechechemea ndiye alikuwa anahesabu hatua. Mwenzetu mmoja kwa ya nyuma alienda hatua 16. Kwa zote mbili alisimama kwenye 10. Kijana akarudi kuhesabu mara ya pili, akidhani amekosea. Ilikuwa 10.

Akasimama pale akiangalia zile hatua 6. Akaniuliza: "Yaya, yule mbuzi alikuwa mbali kama hivi?"

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa kama hivi. Nikamuomba msamaha mbele ya wenzake. Jumamosi iliyofuata tulienda pamoja kwa yule mama, nikamueleza na yeye. Alitusikiliza, akasema sasa mtu akitaka kumbeba atamuuliza kwanza kama anaitumia ile ya mkono.